Kura ya Mtoto Mkononi mwa Mzazi: Uhakiki wa Hoja ya Demeny

Mwaka 1986 Paul Demeny, mtaalamu wa takwimu za watu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alipendekeza kwamba kila mtoto ahesabiwe kuwa mpiga kura, na kura yake ipigwe na mzazi mpaka atakapotimiza umri. Mwaka 2003 wabunge wa vyama mbalimbali Ujerumani waliipeleka hoja ya namna hiyo bungeni kwao, haikupita. Mwaka 2011 ikazungumzwa Hungaria wakati wa kutunga katiba mpya, ikaachwa. Hoja hii ina mvuto, na kada anayeisikia kwa mara ya kwanza huweza kuikubali upesi. Kwa hiyo hatuna budi kuichambua.

Tukiri kwanza lililo kweli ndani yake. Katika nchi yetu karibu nusu ya watu hawajatimiza miaka 18, umri wa kupiga kura uliowekwa na Katiba ya 1977. Deni linalokopwa leo watalilipa wao. Demeny hakukosea kuona kwamba mgombea humsikiliza mwenye kura.

Kosa lake ni kudhani kwamba maslahi ya mtoto na ya mzazi ni kitu kimoja. Tuangalie Sheria yetu ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya baba yake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka ukapita, sheria ikiwa vile vile. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Sasa tumchukue baba aliyekwisha kupokea mahari ya binti wa miaka 15. Chini ya mpango wa Demeny, baba huyo ndiye angekwenda kituoni kupiga kura kwa niaba ya binti. Je, angemchagua mgombea anayetaka sheria ibadilishwe? Mwenye kuonewa angekuwa amemwongezea nguvu anayemwonea.

Aidha, jambo hili si geni katika historia. Mwaka 1893 Ubelgiji iliwapa kura ya ziada wanaume wenye familia waliolipa kodi ya kiasi fulani, na nyingine wenye mali na wenye elimu. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura tatu. Wafanyakazi waliupiga vita utaratibu huo mpaka ukafutwa mwaka 1919. Jirani zetu wa Kenya walionjeshwa dawa hiyo hiyo na mkoloni mwaka 1957, Mwafrika akipimiwa kura moja hadi tatu kwa sifa zake. Ni haki kusema kwamba Demeny haweki sharti la mali. Lakini mantiki ya kwamba mkubwa atamsemea mdogo bila kuulizwa ni ile ile, nasi tuliotawaliwa tunaifahamu sana.

Kuna hoja nyingine ambayo wapenzi wa Demeny huiruka. Ada za shule za msingi zilirudishwa nchini miaka ya 1980, zikafutwa mwaka 2001. Katikati tulifanya uchaguzi wa vyama vingi mara mbili, 1995 na 2000. Wazazi walikuwa wengi katika mistari ile, na ada zikabaki, maana neno la wakopeshaji lilikuwa zito kuliko karatasi za kura. Kumpa mzazi karatasi tano badala ya moja kusingeliondoa neno hilo. Kinyume chake, Azimio la Musoma la 1974 liliwaingiza watoto darasani kwa maelfu bila mtoto yeyote kupiga kura.

Hatusemi basi mtoto anyamaze. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unataka asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Brazili iliwapa vijana wa miaka 16 haki ya kura katika Katiba ya 1988, na Austria ikafuata mwaka 2007. Hilo linafaa kujadiliwa matawini, kwani kijana huyo hupiga kura yake mwenyewe. Na yule wa miaka 10, Baraza la Watoto katika kata lingeweza kumwita mgombea kabla ya siku ya kura, akaulizwa na watoto wenyewe kuhusu madawati, vyoo vya wasichana na Sheria ya Ndoa, watu wazima wakiwa wamekaa nyuma wakisikiliza.