Neno Bepari Darasani

Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya William Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice. Aliiita Mabepari wa Venisi. Niliifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu huku Lushoto, na naiheshimu mpaka leo. Lakini jina lake lilinifunza jambo ambalo nilichelewa kulielewa.

Katika Kiingereza mfanyabiashara wa jina lile ni mmoja tu, naye ni Antonio, mwenye merikebu, anayeweka mwili wake rehani kwa ajili ya rafiki. Katika Kiswahili wamekuwa wengi, na Shylock mkopeshaji kaingia humo humo. Ugomvi wa Wakristo na Myahudi ukasomwa kwetu kama ugomvi wa wanyonyaji wao kwa wao. Neno bepari lilitoka Uhindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu. Ila baada ya Azimio la Arusha la 1967, kumwita mtu bepari kulikuwa kumtukana.

Siku moja niliuliza darasani mabepari hao ni akina nani. Mwanachuo mmoja akajibu, "Wote, Mwalimu, hata Antonio. Anakula jasho la mabaharia." Wenzake wakapiga makofi, nami nikampongeza.

Nyuma alikaa kijana ambaye mama yake alinunua kabichi na peasi kule Lukozi, akizipeleka Dar es Salaam. Jioni alinijia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Na mama yangu je, naye tumwite hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aende akale.

Sasa nimezeeka, na hukumu yangu ni hii: mtafsiri hakukosea. Venice ilimheshimu mfanyabiashara mkubwa. Tanzania ya 1969 ilimtilia shaka. Nyerere aliwapa wasomaji wake neno waliloliishi. Aliyekosea ni mimi, niliyelifundisha kana kwamba lilizaliwa na maana ile moja, nikaliacha limwangukie mama wa watu aliyekuwa akitafuta riziki.

Anayefundisha kitabu hiki leo na aanzie kwenye jalada. Awaeleze wanafunzi neno lilikotoka na lilivyobadilika njiani, kabla hawajapiga makofi.