Katibu wa Kikao

Jioni moja nilikaribishwa kusikiliza kikao cha serikali ya wanafunzi katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Rais alikuwepo, waziri mkuu alikuwepo, na mawaziri walikuwepo, wenye vyeo virefu ambavyo hata Dodoma wangevionea wivu. Waheshimiwa wengi walikuwa wameinamia simu. Aliyenivuta macho ni binti wa mwaka wa pili aliyeketi kushoto kwa mwenyekiti, kaunta buku mbele yake na rula pembeni. Kabla mtu hajafungua kinywa alikuwa ameshapiga mstari wa pambizo, ameandika tarehe, mahali, saa na majina ya waliohudhuria, kisha majina ya waliotoa udhuru. Wasiotoa udhuru aliwaandika peke yao, chini kabisa, kwa herufi zile zile nadhifu.

Kilipoanza kikao nikaona kwamba huyu hana papara. Watu wakisema, yeye anawatazama. Kalamu inashuka pale tu hoja inapokamilika. Wakafika kwenye suala la bumu: kuna wenzao ambao fedha zao za mkopo hazijaingia, wengine wanabebana vitandani, na wapo wanaoshindia chai. Sauti zikapanda, watatu wakasema kwa mpigo, mmoja akaomba mwongozo wa mwenyekiti bila kuwa na cha kuongozwa. Mwenyekiti, kwa kuchoka, akataka wasonge kwenye ajenda inayofuata. Binti akanyoosha mkono.

“Mheshimiwa mwenyekiti, kabla hatujaendelea naomba nisome nilichoandika.” Akasoma: “Waziri wa Mikopo ataonana na ofisa mikopo kabla ya Ijumaa na kuleta orodha ya majina kwenye kikao kijacho.”

Waziri akajikuna shingo. “Katibu, we andika tu kwamba suala linafuatiliwa.”

“Linafuatiliwa na nani, mheshimiwa?”

Aliuliza kwa adabu kabisa, bila kejeli, kalamu ikiwa hewani inasubiri jina. Ukumbi ukacheka. Waziri naye akacheka, akakubali jina lake liandikwe, na siku pia. Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyeokota noti njiani, maana nilidhani ufundi huu umeshazikwa.

Vyuo vyetu siku hizi vinapenda sana kuzungumzia tunu. Zimeandikwa ukutani mapokezi, zimo kwenye mpango mkakati, na wanafunzi wapya huzisomewa wiki ya kwanza pamoja na maelekezo ya maktaba. Kijana naye anazinakili kwenye wasifu wake: uadilifu, uwajibikaji, ubunifu, kwa mpangilio huo huo. Ukifika msimu wa uchaguzi utaziona tena kwenye mabango, chini ya picha ya mgombea aliyekunja mikono kifuani ndani ya suti ya kuazima. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila mtu wa miaka ishirini na mmoja hana tunu za kuorodhesha. Ana kazi alizopewa, na namna anavyozifanya wakati hakuna anayempigia makofi ndiyo itakayomfanya awe mtu wa namna fulani. Katika kazi zote za uongozi wa wanafunzi, sijaona inayomfinyanga kijana kama ukatibu. Na hakuna inayodharauliwa kuliko hiyo.

Mimi ufundi huu niliuona kwa baba mdogo, aliyekuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika kule Kilimanjaro, moja ya vyama vilivyokuwa chini ya KNCU, ule muungano wa wakulima wa kahawa ulioanza mwaka 1933. Vikao vilifanyika ghalani, katikati ya magunia, mizani kubwa ikiwa imesimama kona kama mjumbe. Watoto tuliruhusiwa kukaa mlangoni mradi tusipige kelele. Baba mdogo aliandika kwa kalamu ya wino. Nyumbani usiku alinakili upya kwa karatasi ya kaboni, nakala moja ya kwenda Moshi mjini, moja ya kubaki katika sanduku la bati chini ya kitanda chake.

Sehemu niliyoipenda ilikuwa ya mwanzo wa kikao, pale kumbukumbu za kikao kilichopita zinaposomwa ili zithibitishwe. Wazee wengi mle hawakujua kusoma, na kwa sababu hiyo hiyo walisikiliza kwa masikio ambayo sisi tuliosoma hatunayo tena. Walikuwa wameyabeba yale maneno vichwani kwa mwezi mzima. Baba mdogo anasoma polepole, wao wamefumba macho, na ghafla mmoja anainua fimbo: “Hapo sivyo, katibu. Mimi sikusema nitatoa. Nilisema nitaangalia.” Baba mdogo hakubishana wala hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya neno, ili lililokuwepo liendelee kusomeka, akaandika lililo sahihi juu yake, akatia saini ndogo pambizoni. Kisha akaendelea. Mzee akafumba macho tena.

Tofauti ya kutoa na kuangalia, pale ghalani, ilikuwa magunia ya watu. Kama mzee ameandikwa atatoa, msimu ukifika ataulizwa, na ataulizwa mbele ya wakwe zake. Hivyo watu walijihadhari na vinywa vyao kikaoni kuliko mahali pengine popote kijijini, isipokuwa labda msikitini na kanisani tu.

Siku moja nikamkuta anaandika: “Wajumbe walikaa kimya.” Nikamuuliza kwa nini anaandika kitu ambacho hakikusemwa. Ilikuwa inahusu malipo ya pili ya kahawa, yaliyochelewa, na mwenyekiti alikuwa ameuliza mara mbili kama kuna mwenye neno. Baba mdogo akanijibu bila kuinua kichwa: “Kesho watasema walikataa.”

Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika, kazi zao zikagawiwa vijiji na mamlaka za mazao, na makaratasi mengi ya ghalani yakaishia kufungia maandazi. Ya baba mdogo yalikuwa yamelala chini ya kitanda. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, yeye alikuwa ameshazeeka, lakini vijana waliotaka kujua mpaka wa kiwanja cha ghala na nani alikopa nini walijua pa kubisha hodi.

Najua wengine wataniambia uongozi wa wanafunzi ni jambo kubwa kuliko daftari. Ni kweli kwamba historia yake ni ya kelele kubwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alianzia humo: akiwa Makerere, kati ya 1943 na 1945, yeye na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu waliasisi chama cha ustawi wa Watanganyika, na baadaye wakaona ni heri waungane na Tanganyika African Association (TAA). Mlimani nako, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, wakasoma tamko lao mbele ya Mwalimu. Tamko lilikuwa kali, na aliyeliandika alikuwa na ulimi kuliko sikio. Mwalimu akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Adhabu hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mimi hukumbuka jambo la pili alilolifanya siku ile ile: alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa serikalini ikafuata. Yaani suala la marupurupu ya wasomi hakuliacha “likifuatiliwa”. Lilikuwa na jina la mtu, jina lake yeye, na kiasi. Katibu yeyote angejua namna ya kuliandika. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Halafu kulikuwa na Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani la 1969 na 1970, lililotolewa na kundi ambalo Yoweri Museveni aliwahi kuwa mwenyekiti wake. Lilipigwa marufuku pamoja na kundi lenyewe. Tunayakumbuka majina ya waliohutubia. Waliokesha wakichapa stensili na kuzungusha mashine ya kurudufu wanatajwa na wachache. Lakini Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, aliweza kuhariri kitabu kizima kuhusu jarida hilo miaka takribani 40 baadaye. Jarida lenye makaratasi halifi kwa kupigwa marufuku.

Serikali za wanafunzi za leo zitaandikwa kwa makaratasi gani? Vikao vingi vinafanyika WhatsApp, saa tano usiku, baina ya vichekesho na matangazo ya vyumba vya kupanga. Sikatai kwamba kundi la simu linafikisha taarifa haraka. Bumu likiingia asubuhi, chuo kizima kinajua kabla ya chai. Lakini uamuzi unapitishwa kwa kidole gumba, hakuna anayehesabu akidi, na aliyejuta alichosema anakifuta, kinabaki kile kimstari cha kwamba ujumbe umefutwa. Baba mdogo alikata neno kwa mstari mmoja ili kosa lionekane. Hawa wanafuta, na kesho yake kila mmoja ana kumbukumbu yake. Ikifika ajenda ya yatokanayo, kama bado wanayo, mwenyekiti anairuka kwa maneno “hiyo tutaizungumza nje ya kikao”. Ajenda ile ndiyo roho ya kikao. Kuahidi kunaweza kufanywa na yeyote. Kuulizwa kuhusu ahadi yako mbele ya wenzako, kwa sentensi ile ile uliyoitoa, ndipo kijana anapojifunza kama ana neno au hana.

Na makabidhiano? Rais anayemaliza muda anamwachia mwenzake nenosiri la ukurasa wa mtandao na funguo za ofisi yenye viti viwili. Wapya wanaanza kama vile chuo kimefunguliwa jana. Madai yale yale ya maji na mabweni yanaandikwa upya kila mwaka kwa menejimenti ile ile, ambayo yenyewe ina majalada, ina masijala, na inajua iliwajibu nini waliotangulia. Usiulize kwa nini wanafunzi wanashindwa mezani. Upande mmoja una kumbukumbu, mwingine una jazba.

Kuna jambo lingine nilitazame bila kuzunguka. Katika vikao vingi vya wanafunzi ukatibu anasukumiwa msichana, kwa kisingizio kwamba ana mwandiko mzuri, ili wavulana wabaki huru kuzungumza. Wanadhani wamempa kazi ya pembeni. Kumbe yeye ndiye anayelazimika kuielewa hoja ya kila mtu, hata ya yule asiyempenda, na kuiandika kwa haki kiasi kwamba mwenyewe akisomewa atasema ndiyo, nilisema hivyo. Anajifunza kunyamaza. Anajifunza kwamba mtu anaweza kusema kwa dakika kumi bila kuacha sentensi moja ya kuandikwa. Mwisho wa mwaka wale wasemaji watakuwa na picha nyingi, wakipokea vyeti vya semina za uongozi vilivyoambatana na chupa ya maji na nauli. Yeye atakuwa anajua taasisi inavyoendeshwa. Kama kweli mnataka kulea viongozi wa kiume, washikisheni hao kalamu kwanza, kwa zamu, muhula mzima.

Walezi wa wanafunzi nao nawalaumu, kwa sauti ya chini. Wanadai ripoti ya fedha, na ni vizuri, ila ni nadra kumsikia mlezi akiomba kuona kumbukumbu za vikao. Laiti wangeziomba mara moja tu kwa muhula, zingeandikwa. Rafu moja ya maktaba ingetosha kuzihifadhi, na mwanafunzi wa historia wa miaka hamsini ijayo angekuwa na pa kuanzia.

Uchaguzi wa vyuo unakuja tena na mabango yatabandikwa. Msomaji wangu, ukiwa na mwanao au mdogo wako anayegombea, usihangaike kumuuliza kaulimbiu yake, anayo tayari. Muulize katibu wake atakuwa nani. Akisema hajafikiria, mwambie asubiri mwaka mwingine.