Bahari ya Pipani

Mtu akitaka bahari sebuleni, kitu cha kwanza kumjia akilini ni samaki. Atakuwa ameshachagua rangi, ameshapima ukuta, pengine ameshawaahidi watoto. Maji hayamshughulishi: maji yapo bombani na chumvi ipo dukani. Mimi nataka kumsifu mtu wa aina nyingine, yule anayeanza na pipa tupu na kuchanganya humo maji ya bahari mwenyewe. Kazi yake ikifanywa vizuri haionwi na mtu. Mgeni akija, atasifu samaki.

Hapa Nairobi kazi hiyo haiepukiki. Mombasa iko karibu kilomita 500, na maji ni mzigo; kila lita ni kilo na ushei. Ajabu ni kwamba maji yetu sisi huenda baharini bila kubebwa na mtu. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unageuka kuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwagikia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi, umejaa tope la bara na madini uliyoyakwangua kwenye mawe njiani. Bahari imepata sehemu kubwa ya chumvi yake kwa njia hiyo, mito ikileta madini kwa mamilioni ya miaka na jua likirudisha angani maji matupu. Mchanganyaji anaifupisha safari nzima kwa usiku mmoja.

Chumvi ya jikoni haitamsaidia. Kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huko huko kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, jua likayapunguza. Chokaa hutangulia kuganda, jasi hufuata, kisha ndipo chumvi yenyewe inapokauka ikazolewa. Magnesiamu hubaki kwenye maji machache machungu ambayo hakuna mpishi anayeyataka. Kinachofika dukani ni sodiamu na kloridi, pamoja na madini joto ya kuongezwa kiwandani. Kwa sukuma wiki inatosha kabisa. Matumbawe, ambayo hujenga mifupa yake kwa kalsiamu ya majini, hayana cha kujengea humo.

Ndiyo maana kuna chumvi ya akwaria, iliyorudishiwa kila kitu kwa kipimo. Kipimo hicho kina historia. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876, na mkemia William Dittmar akazichunguza sampuli 77 za maji ilizorudi nazo. Matokeo yake ya mwaka 1884 yalithibitisha jambo ambalo waliomtangulia walikuwa wamelidokeza: chumvi huzidi huku na kupungua kule, lakini uwiano wa madini makuu karibu haubadiliki. Bahari ya Shamu ina chumvi kali kuliko Bahari ya Hindi, kwa kuwa jua linaichoma na mito haiijazi, ila magnesiamu yake kwa kalsiamu ni ile ile. Bila uwiano huo, kila pwani ingehitaji ndoo yake ya chumvi.

Wafugaji wa viumbe vya bahari wenyewe walikuwa wameshaanza kabla ya hapo. Mwaka 1846 Anna Thynne alikuwa na matumbawe hai London, katika maji yaliyoletwa kutoka pwani, na mtumishi wake akayamimina huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Bibi anatajwa vitabuni. Mtumishi hatajwi jina. Kazi ya maji ilikuwa haionekani tangu zamani hizo. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe, aliyachanganya maji yake mwenyewe kwa chumvi nne tu za dukani. Alitanguliza mwani, wanyama wakafuata baadaye. Kwa kutanguliza mwani huko ninamheshimu kuliko kwa kemia yake.

Kazi huanza kwa kuondoa. Maji ya bomba yana klorini ya kuua vijidudu, nayo haibagui. Yanaweza pia kuwa na shaba kidogo kutoka kwenye mabomba, isiyomdhuru mtu lakini inayoua kamba na konokono, na fosfeti inayonenepesha koga. Kwa hiyo hupitishwa kwenye utando mwembamba, kisha kwenye resini, mpaka kipimo cha madini kisome sifuri. Yanatoka kwa mchirizi mwembamba, na pipa halina haraka.

Halafu chumvi inafuata maji. Kamwe maji hayafuati chumvi. Aliyewahi kukoroga uji anajua kwa nini, ila donge la uji huvunjika kwa mwiko. Chumvi ikiwa nyingi katika maji kidogo, kalsiamu na kaboneti hukutana zimesongamana, zikashikana kuwa chokaa, na chokaa hiyo haiyeyuki tena hata ukoroge mpaka kesho. Itatua chini ya pipa, unga mweupe laini, na kilichotua chini ndicho kilichopungua majini.

Mtazame anayeijua kazi. Kabla ya kuchota, anailaza ndoo ya chumvi na kuibiringisha, maana safarini chembe ndogo zimeshuka na kubwa zimebaki juu, na kijiko cha juu si chumvi ile ile ya kijiko cha chini. Anapima kwa mizani, kilo tatu na nusu hadi nne kwa lita 100, lakini hatii zote. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Pampu inazungusha maji, naye ananyunyiza kiganja kwa kiganja pale mkondo unapopita, akingoja wingu la kwanza litawanyike ndipo atie jingine. Hita bado imezimwa. Wengi huiwasha mapema wakidhani joto litaharakisha mambo, kumbe chumvi ya kawaida haijali sana joto, na chokaa ndiyo inayopenda kuganda maji yakiwa moto. Joto huja mwisho, nyuzi 25 hivi.

Kisha analala. Usiku kucha maji yanazunguka, yanapokea hewa, yanatulia. Asubuhi unaona mpaka chini ya pipa.

Tone moja linawekwa juu ya kioo cha refraktomita, kifuniko kinashushwa polepole kisifungie kipovu, jicho linaelekea dirishani. Juu buluu, chini nyeupe, na mpaka wake unakaa kwenye 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Chombo chenyewe kimesahihishwa kwa maji ya kipimo yanayojulikana kuwa 35. Kukisahihisha kwa maji matupu kunathibitisha sifuri tu, na hakuna matumbawe yanayoishi kwenye sifuri.

Wa pwani atauliza ya nini taabu yote hii na bahari iko mlangoni. Akichota mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa, hana haja ya pipa langu. Akichota mdomoni mwa mto wakati wa masika, apime kwanza.

Na tangi likishajaa, kazi haijaisha. Kila siku maji kidogo hukauka, chumvi yake ikabaki. Kinachorudishwa ni maji matupu, maana anayejazia ya chumvi anazidisha ukali bila kujua. Bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki nao wanahitaji wiki kadhaa za kuzaana kabla ya samaki wa kwanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata fedha za tangi jipya, tenga kwanza za chujio, pipa, mizani na refraktomita. Zitakazobaki nunua samaki, hata akiwa mmoja.