Yuda wa Jumanne: Tarehe Sahihi ya Kanda ya Dylan

Kuna albamu ya Bob Dylan ambayo jina lake lina alama za kunukuu za makusudi. Ilitoka rasmi mwaka 1998, inaitwa Live 1966, na jina linaendelea: The "Royal Albert Hall" Concert. Hizo alama ni kampuni inakubali kwa aibu kidogo kwamba, jamani, tunajua hapa si Royal Albert Hall. Ukumbi ni Free Trade Hall wa Manchester, na tarehe ni 17 Mei 1966. Royal Albert Hall alipiga siku tisa baadaye, tarehe 26 na 27.

Kosa lilianza na sahani za magendo za mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zilibeba nusu ya pili tu ya onyesho, nyimbo nane za gitaa la umeme na bendi, na jina la ukumbi wa London. Kanda ilikuwa nzuri mno kwa sauti, ikasambaa, na jina likasambaa nayo. Mimi ni mtu wa magazeti, na najua habari ikishachapwa mara tatu hakuna anayeuliza tena ilitoka wapi.

Kuisahihisha haikuwa rahisi kama unavyodhani. Njia ya kwanza ya kutambua kanda ya zamani ni kuangalia orodha ya nyimbo. Hapa haisaidii kitu, kwa sababu katika ziara ile Dylan alipiga karibu nyimbo zilezile kila usiku: saba peke yake na gitaa, kisha nane na bendi. Wapigaji nao ni walewale. Mickey Jones ndiye aliyekuwa kwenye ngoma Manchester na London. Kwa hiyo kinachobaki ni vile vipande ambavyo wengi tunaviruka: kelele, makofi, maneno ya katikati ya nyimbo.

Na katikati ya nyimbo ndipo penye dhahabu. Kabla ya wimbo wa mwisho mtu anapaza sauti kutoka gizani na kumwita Dylan Yuda. Watu wanapiga makofi. Dylan anajibu kwamba hamwamini, anamwita mwongo, kisha anawageukia wenzake na kuwataka, kwa tusi, wapige kwa nguvu. Watu wa Manchester waliokuwepo waliikumbuka sauti ile. Mmoja wao alikuwa C. P. Lee, aliyekuwa ukumbini akiwa kijana, na mwaka 1998 akaandika kitabu kizima kuhusu usiku huo, Like the Night. Halafu filamu ya Martin Scorsese ya 2005, No Direction Home, ikatuonyesha tukio lenyewe kwa picha. Ubishi ukaisha.

Sasa utaniuliza: Manchester au London, kuna tofauti gani? Kelele si ni zilezile?

Ipo tofauti, na ni ya uhakiki hasa. Ukiiweka kanda hii London, unapata hadithi iliyonyooka kupita kiasi. Ziara inafikia mwisho, mashabiki wanamkataa msanii katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu, Julai anapata ajali ya pikipiki, na hafanyi ziara nyingine hadi 1974. Tamthilia kamili, pazia linashuka. Lakini 17 Mei ilikuwa Jumanne ya kawaida ya kazi. Baada ya kuitwa Yuda, Dylan alikwenda Glasgow, Edinburgh, Newcastle, akatimiza miaka 25 jukwaani Paris, kisha ndipo London. Yaani aliamka akaenda kazini. Kwangu mimi hilo linaifanya kanda iwe kubwa zaidi: kile tunachokisikia kama kilele kilikuwa siku moja tu kati ya nyingi za kuzomewa.

Na mahali penyewe pana uzito. Free Trade Hall ilijengwa kwenye uwanja wa St Peter's, ambako mwaka 1819 askari wa farasi waliwavamia watu waliokusanyika kudai haki ya uwakilishi bungeni, na wengine wakauawa. Wapenzi wengi wa nyimbo za kiasili Uingereza walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, na kwao wimbo ulikuwa mali ya umma, si ya mwimbaji. Kwa masikio hayo, gitaa la umeme lilikuwa ni kuuza mali isiyo yako. Ndiyo maana halikuchaguliwa tusi la kawaida. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji tanbihi: hapa kwetu Yuda ni yule anayekula nawe kwanza.

Basi zile alama za kunukuu zinanikera. Mwaka 2016, mwezi mmoja baada ya Dylan kutangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi, zilitoka diski 36 za maonyesho ya 1966, na onyesho la London la 26 Mei likauzwa pia peke yake. Ililazimu liitwe la Royal Albert Hall "halisi". Ukweli umepangishwa chumba cha uani, uongo bado unakaa sebuleni.

Anayetaka kuhukumu mwenyewe azisikilize zote mbili mfululizo, Manchester kwanza. Na asiruke vile vipande vya katikati.