Ayubu Chini ya Mlima Hanang

Katika vitabu vyote vya Biblia, sidhani kama kipo kinachosifiwa sana na kusomwa nusunusu kama Kitabu cha Ayubu. Kina sura 42. Wahubiri wetu wengi huchukua sura 2 za mwanzo, ambamo Ayubu anapoteza mali, watoto na afya yake bila kumkufuru Mungu, kisha huruka hadi sura ya mwisho, ambamo anarudishiwa mali maradufu. Katikati huachwa. Hivyo tumebaki na Ayubu mmoja tu, mzee mpole aliyenyamaza, akavumilia, akalipwa. Subira huvuta heri, tunasema, na mahubiri yamekwisha.

Usomaji huo una kasoro, na kasoro yenyewe huumiza watu. Sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, asubuhi mapema baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Jorodom, Gendabi na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji mengi hata ikashindwa kujishikilia. Maelezo hayo yalijibu swali la imetokeaje, na yafaa tuyazingatie tunapochagua mahali pa kujenga. Lakini swali la mfiwa, "Kwa nini wangu?", si la kujibiwa na mtaalamu wa miamba. Hapo ndipo wahubiri walipoingia.

Yapo mahubiri yaliyofariji, nami nashukuru. Lakini nimesikia pia ikisemwa kwamba mlima ulishuka kwa sababu ya dhambi: pombe, matambiko, na uvivu wa kusali. Hebu msomaji afikirie mzazi ambaye mtoto wake alifukuliwa topeni, naye ameketi kwenye benchi la tatu akisikiliza hayo.

Msemaji wa namna hiyo hajui kwamba amekwisha kuandikwa kitabuni, tena upande usiofaa. Katika sura ya 8, Bildadi anamwambia Ayubu, ambaye watoto wake 10 wameangukiwa na nyumba, kwamba yawezekana watoto hao walivuna makosa yao wenyewe. Elifazi, Bildadi na Sofari si wajinga. Maneno yao ni mazuri, na mengi yangeweza kutundikwa ukutani sebuleni. Hapa ndipo ulipo ustadi wa mwandishi. Anawapa watu hawa maneno ya haki kuhusu Mungu, kisha anatuonyesha maneno hayo yakimwangukia mtu ambaye hayamhusu. Msomaji aliyekwisha kusoma sura mbili za mwanzo anajua kwamba Ayubu hana hatia, hivyo kila hotuba nzuri ya marafiki inamchoma. Anayeruka sura hizo hajifunzi kamwe kuitambua sauti ya Bildadi, hata inapotoka kinywani mwake mwenyewe.

Na Ayubu je, alinyamaza? La hasha. Katika sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Baadaye anadai kesi yake isikilizwe, na anamuuliza Mungu kwa nini amemfanya shabaha. Wapo wanaoona aibu kwa maneno hayo, wakadhani hapo imani ilimtoka. Mimi nawaomba watazame sarufi. Tangu sura ya 4, marafiki wanamtaja Mungu kwa nafsi ya tatu: yeye huadhibu, yeye huinua, yeye huona. Hakuna hata mmoja wao anayesali. Ayubu peke yake ndiye anayegeuka katikati ya mazungumzo na kusema "wewe". Tazama sura ya 7, ya 10, ya 13 na ya 14. Anamlalamikia Mungu, lakini ni Mungu mwenyewe anayemlalamikia. Huo ndio uthabiti wake. Hakuuacha mlango, ingawa aliugonga kwa ngumi. Na katika sura ya 42 Mungu anakata shauri kwamba marafiki hawakusema vema juu yake kama Ayubu alivyosema. Zaidi ya hayo, Ayubu anatakiwa kuwaombea watu wale wale waliomsuta. Anawaombea, na ndipo hali yake inapogeuzwa.

Kuna pingamizi mbili ambazo si haki kuzipita. Ya kwanza ni kwamba mwisho wa kitabu ni mwepesi mno, kana kwamba machozi hulipwa kwa mifugo. Sisi wa Hanang ni watu wa kuhesabu mifugo, basi na tuhesabu. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000. Ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto walikuwa 10, na mwishoni anapata tena 10. Mbona si 20? Naona mwandishi alijua kwamba ng'ombe hufidiwa kwa hesabu, bali mtoto hafidiwi. Wale 10 wa kwanza hawakurudi. Aidha, ndugu na wote waliomjua Ayubu walikuja wakala naye, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete. Mungu alimrejesha Ayubu kupitia mikono ya watu, kama Jorodom ilivyoona vyakula na nguo vikifika kutoka pande nyingi za nchi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nami nakubaliana nayo. Mke wa Ayubu hana jina. Anasema maneno machache, anakemewa, kisha hatumsikii tena. Lakini watoto 10 waliokufa walikuwa wake pia, na hakuna rafiki aliyekuja kuketi naye. Wenzetu wa pwani, katika Utendi wa Ayubu ambao Alice Werner aliuchapisha miaka ya 1920, wanamwonyesha mke huyo akimtunza mumewe kwa uaminifu. Hapo utendi umeona jambo ambalo kitabu chetu kimelipita haraka. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu mabinti 3, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, wanatajwa kwa majina na kupewa urithi pamoja na ndugu zao. Wazee wengi wa kwetu hawajalihubiri hilo.

Nilifundisha walimu kwa miaka mingi, na neno moja nililirudia kila mwaka: mwanafunzi aliyenyamaza si lazima awe ameelewa. Ndivyo ilivyo kwa mfiwa kanisani. Tusihesabu ukimya wake kuwa imani, wala kilio chake kuwa uasi. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema: waliketi chini pamoja naye siku 7 bila kusema neno. Desturi zetu za msibani zinaijua hekima hiyo: njoo, keti, teka maji, pika. Basi, shauri langu kwa wazee wa sharika na parokia zilizo chini ya mlima ni hili. Majilio yanapofika, zisomwe kwa sauti zile sura za katikati, bila kufupishwa. Baada ya kusoma, mhubiri akae kimya kidogo, na wafiwa wapewe nafasi ya kwanza ya kusema.