Daktari Tenma na Subira ya Mchoraji

Katika juzuu ya kwanza ya hadithi yake ya picha, Monster, Naoki Urasawa hana haraka ya kumsimamisha muuaji mbele yetu. Kurasa zote za kabla yake amezitumia kutuonesha daktari kazini, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mchoraji huyu wa Kijapani. Wengi wanaoandika hadithi za kutisha huanza na maiti. Yeye ameanza na dhamiri ya mtu mwema, akaikagua pole pole mpaka ikaanza kuuma.

Hadithi inaanza mwaka 1986 jijini Düsseldorf, Ujerumani Magharibi. Kenzo Tenma ni kijana wa Kijapani, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mkurugenzi wa hospitali, Heinemann, anamkubali. Eva, binti wa mkurugenzi, ni mchumba wake. Usiku mmoja Tenma anaamriwa amwache kibarua Mturuki aliyefikishwa hospitalini kwanza, amhudumie mwimbaji maarufu wa opera. Mwimbaji anapona, kibarua anafariki. Kisha mjane wake anamkabili Tenma na kumuuliza kwa nini, ilhali mumewe ndiye aliyetangulia kufika.

Mama huyu hana kurasa nyingi. Hata hivyo Urasawa hakumchora kama mpita njia. Uso wake una uchovu wa mtu aliyelia usiku kucha, na mikono yake imeng'ang'ania koti la daktari. Huo ndio ufundi wa kwanza wa kitabu hiki: hakuna sura ya kujazia nafasi. Nesi, mlevi, polisi wa zamu, kila mmoja ana pua yake, makunyanzi yake, namna yake ya kukwepa macho. Inspekta Lunge akiingia, vidole vyake vinacheza kana kwamba anapiga chapa huku akihifadhi kila neno kichwani. Kwa ishara hiyo moja tunamjua, na tunamwogopa.

Baadaye analetwa mtoto, Johan, mwenye risasi kichwani, na baada yake meya wa jiji, na amri ni ileile. Safari hii Tenma anakataa. Anampasua mtoto, mtoto anapona, meya anakufa, na daktari anapoteza cheo na uchumba kwa pamoja. Msomaji anamshangilia, kwa maana amefanya haki. Ndivyo Urasawa alivyotaka tuhisi, kwa sababu muda si mrefu Tenma ataketi kando ya kitanda cha mtoto aliyelala bila fahamu, atamwaga uchungu wake wote, na atasema kwamba mtu kama mkurugenzi afadhali afe.

Mtazame mchoraji hapo. Hachori kivuli cha ajabu wala haongezi alama ya kutuonya. Kuna chumba cha wagonjwa, bandeji, kinywa kinachosema maneno ambayo yeyote kati yetu angeyasema kwa hasira. Kisha mkurugenzi na madaktari wawili wanakufa kwa pipi zenye sumu, Johan na pacha wake wanatoweka, na maneno ya kando ya kitanda yanabadilika maana bila kuongezwa hata herufi moja. Nilirudi nyuma nikayasoma upya, mwili ukinisisimka.

Tukumbuke pia namna kazi hii ilivyotoka. Kuanzia Desemba 1994 hadi 2001 ilichapishwa kwa vipande katika Big Comic Original, jarida linalotoka mara mbili kwa mwezi, hadi zikatimia juzuu 18. Kila kipande kilipaswa kumwacha msomaji na kiu. Urasawa alijua mahali pa kukatia: mara nyingi ni uso ulioona jambo ambalo sisi bado hatujaoneshwa, na ukurasa unaofuata ndio wenye jibu. Kitabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisilowasumbua waliozoea msahafu.

Eva sikuridhika naye. Katika juzuu hii amechorwa kwa rangi moja, ubinafsi mtupu, na wahusika wenzake wametendewa haki zaidi. Lakini dosari hiyo ni ndogo ukifika mwaka 1995, ndani ya jengo ambalo halijakamilika. Kijana mtanashati, mpole wa sauti, ameshika bastola mbele ya mgonjwa wa Tenma, Junkers. Hana kovu la uovu usoni. Anamkumbusha daktari kwamba ni yeye aliyemwokoa, na kwamba wale waliokufa hospitalini ndio aliowatakia kifo. Kisha anafyatua risasi.

Yeyote anayetaka kuandika au kuchora hadithi ya mashaka aisome juzuu hii mara mbili: kwanza ajue yaliyotokea, kisha ahesabu ni mara ngapi Urasawa alikuwa ameshatuambia.