Milimita Moja ya Shaba

Ukiitazama mezani, antena ya kiraka haina makuu: kipande cha shaba cha mstatili juu ya bodi ya saketi, na nyuma yake shaba iliyotanda bodi nzima. Haina mlingoti wala mbavu. Lakini kwa kiraka cha Wi-Fi kwenye bodi ya kawaida, ukikosea urefu kwa milimita moja tu, masafa yake yanahama kwa takriban megahezi 80. Bendi yenyewe, kutoka megahezi 2400 hadi 2483.5, ina upana wa megahezi 83.5. Milimita moja imekutoa karibu bendi nzima. Ndiyo maana tunakijaribu kwanza ndani ya kompyuta.

Tuchukue kiraka cha gigahezi 2.45 kwenye bodi ya FR-4 yenye unene wa milimita 1.6, kikiigwa kwa openEMS, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi. Inafuata njia iliyochapishwa na Kane Yee mwaka 1966. Nafasi yote inayoizunguka antena hukatwakatwa kuwa vijisanduku, kisha kompyuta hupiga hesabu ya uga wa umeme, halafu ya uga wa sumaku, halafu inarudi kwenye umeme, hatua kwa hatua, kwa kanuni za Maxwell. Kijisanduku kikiwa cha milimita 0.4, kila hatua ya muda lazima iwe chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, la sivyo namba hufumuka hadi hazina maana. Uzuri wake ni kwamba unaingiza msukumo mmoja mfupi wenye masafa mengi kwa pamoja, na mwigo mmoja unakupa bendi nzima.

Kazi haianzii kwenye programu, inaanzia kwenye karatasi. FR-4 huhesabiwa kwa kawaida kuwa na namba ya dayalektriki 4.4, yaani kipimo cha jinsi bodi inavyolipunguza mwendo wimbi. Kwa namba hiyo, kanuni zinazojulikana zinatoa upana wa milimita 37.2 na urefu wa milimita 28.8. Urefu huo ni pungufu kidogo ya nusu ya wimbi ndani ya bodi, kwa sababu uga hufurika nje ya shaba, kama milimita 0.7 kila ncha. Hapo ndipo antena inaporushia mawimbi, kwenye kingo mbili zinazofurika.

Kwa hiyo kingo hizo ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa wakati wa kutandaza wavu wa vijisanduku. Uga hubadilika ghafla mno pale shaba inapoishia. Ukiupitisha mstari wa wavu juu ya ukingo wenyewe, antena inajikuta ndefu au fupi kuliko uliyoichora. Watumiaji wa openEMS huweka mstari mmoja theluthi ya kijisanduku ndani ya shaba, na unaofuata theluthi mbili nje. Unene wa bodi wapewe angalau vijisanduku vinne. Kuta za nje ziwe za kunyonya mawimbi na zikae mbali na antena, kama robo ya wimbi la hewani, yaani milimita 30 hivi.

Yote hayo yanafundishika kwa siku moja. Jambo linalowaangusha wengi ni hasara ya bodi. FR-4 hula sehemu ya nguvu inayopita ndani yake na kuigeuza joto. Kwa kipimo cha hasara cha 0.02, ambacho ni cha kawaida kwa bodi hizi, openEMS inahitaji uiambie kwamba bodi inapitisha umeme kidogo, simensi 0.012 kwa mita kwa masafa haya. Ukiiacha sifuri, programu hainung'uniki. Inakupa antena safi isiyopatikana sokoni.

Tazama matokeo yake. Bila hasara, ukinzani ukingoni mwa kiraka unakaribia omu 300, na sehemu ya kuunganishia kebo ya omu 50 inaangukia milimita kama 10 na nusu kutoka ukingoni. Ukiiweka hasara, ukinzani huo unashuka hadi omu 130 na kitu, na sehemu hiyo inasogea hadi milimita 8 na nusu hivi. Milimita mbili nzima, kwa namba moja iliyosahauliwa! Tena hasara hiyo huipanua bendi kwenye grafu ya nguvu inayorudi kwenye kebo, na mtu anaweza kufurahia upana huo kama sifa ya antena yake. Kwa hesabu hizihizi, chini ya nusu ya nguvu ndiyo inayotoka hewani. Grafu inayoonyesha kwamba nguvu hairudi kwenye kebo haisemi imekwenda wapi, basi daima iombe programu ikupe na ufanisi wa urushaji.

Na ile 4.4 yenyewe? FR-4 ni jina la daraja la nyenzo, si fomula moja, na namba yake hutofautiana kwa kiwanda na kwa masafa. Ikiwa 4.6, kiraka chako kitaitikia kama megahezi 50 chini ya ulivyotaka, hata kama wavu wako hauna dosari. Dawa yake ni kukata kiraka kimoja cha majaribio, kukipima kwa kifaa kidogo kama NanoVNA, kisha kuirekebisha namba ya bodi ndani ya mwigo hadi mkunjo wa mwigo ulingane na ule uliopimwa. Kikiitikia kwenye gigahezi 2.40 badala ya 2.45, bodi yako iko karibu na 4.6. Andika namba hiyo juu ya bodi kwa kalamu ya wino, na ukinunua nyingine kwa muuzaji mwingine, ipime upya kabla hujakata antena hata moja.